Niliongopa Mtihanini Kuhusu Shaaban Robert

Mwaka 1989, kwenye mtihani wa Kiswahili wa kufunga muhula, tuliulizwa kama Shaaban Robert, mwandishi wa Adili na Nduguze, amefaulu. Nikaandika kurasa mbili na nusu kwamba amefaulu, tena kwa kiasi kikubwa. Nikataja dhamira nne, nikataja methali, nikataja utajiri wa lugha, kisha nikamalizia na kutofaulu kwake kwa mistari miwili yenye heshima, maana mwalimu alishatuambia kwamba kutofaulu lazima kuwepo ila kusizidi. Nikapata 17 kwa 20. Nilikuwa nimeongopa tangu sentensi ya kwanza. Kitabu chenyewe nilikisoma huku nahesabu kurasa zilizobaki, kama mtoto anayenyweshwa mwarobaini na kila funda anachungulia kikombe.

Shida ni kwamba mimi ni mtu wa Tanga. Shaaban Robert alizaliwa Vibambani, huko Machui, nje kidogo ya mji wetu, tarehe 1 Januari 1909. Kwetu kumsema vibaya ni sawa na kusema machungwa ya Muheza ni makali. Dar es Salaam wana shule na barabara zenye jina lake. Sisi tunaye mwenyewe. Kwa hiyo kwa miaka mingi watu wakianza kushindana kuhusu vitabu vya zamani, nani anapenda kipi na kipi kilimshinda, mimi husifia wanachosifia wenzangu na kunywa chai yangu. Leo nimeamua kusema. Sina mtihani tena, na mwalimu yule Mungu amrehemu.

Kisa chenyewe ni hiki, kwa asiyekijua. Mfalme Rai wa Ughaibu anamtuma mjumbe wake Ikibali kwenda Janibu kwa liwali aitwaye Adili. Usiku Ikibali anamwona Adili, mtu mpole kuliko wote, akiwachapa nyani wawili mijeledi mpaka wanazirai, kisha anawakumbatia, anawalisha na kulia nao. Mfalme akipata habari anataka maelezo, na maelezo ndiyo kitabu: nyani wale ni ndugu zake, waliogeuzwa kwa sababu ya ubaya waliomtendea. Waliosoma Alfu Lela Ulela watakitambua. Kule ndugu wawili waligeuzwa mbwa, huku Shaaban akawafanya nyani.

Sasa, ukishaambiwa kwamba wako ndugu watatu, mmoja anaitwa Adili, wa pili Hasidi na wa tatu Mwivu, kuna nini tena cha kusubiri? Baba gani huyo aliyemwita mwanawe Hasidi, halafu yakaja kumshangaza? Nilipokuwa msichana nilidhani ni ushamba wangu. Nimekuja kukisoma tena nikiwa mtu mzima, mara mbili, na bado naona vilevile. Kila mtu amevaa jina lake kama beji ya kazini. Adili hawezi kukosea hata kwa bahati mbaya. Hasidi hawezi kuamka siku moja akamwonea ndugu yake huruma. Na kila kikitokea kitu, mwandishi anasimama, anakohoa, ananieleza nimejifunza nini. Sentensi zake ni nzuri mno, hilo nakubali. Lakini ni nzuri kama sebule ambayo watoto hawaruhusiwi kuikalia.

Kusadikika, kitabu chake kingine, nakivumilia zaidi, kwa sababu nakielewa. Kilitoka mwaka 1951, Mwingereza bado yuko Tanganyika, na aliyekiandika alikuwa karani wa serikali hiyohiyo. Karani hawezi kuandika kwamba nchi inafunga watu kwa kusema kweli. Anaweza kuandika kwamba kuna nchi inayoelea hewani, na kwamba kijana mmoja, Karama, ameshtakiwa kwa sababu anataka kufundisha watu sheria. Huko majina ya sifa ni pazia. Majivuno ni waziri, na kila msomaji wa wakati ule alikuwa na Majivuno wake ofisini anayemjua kwa jina jingine. Hata hivyo wajumbe ni sita, kila mmoja anatumwa upande wake, anarudi na habari njema, anafungwa. Kwa mjumbe wa nne huwa nasinzia. Samahani, lakini ndivyo ilivyo.

Ningeishia hapo ningekuwa nimemdhulumu, maana Shaaban ninayempenda yupo, na nilikutanishwa naye na baba yangu.

Baba alikuwa na duka la spea za baiskeli Ngamiani. Mtu wa maneno machache. Mama alipofariki mwaka 1998 alikaa matanga kimya, akapokea pole za watu kimya, na Jumatatu iliyofuata akafungua duka. Dada zangu walimlaumu kwa siri kwamba ana moyo mgumu. Yeye naye alipofariki, miaka 13 baadaye, mimi ndiye niliyepewa kazi ya kupitia daftari la madeni ili tujue nani anadaiwa na nani anatudai. Katikati ya daftari, baina ya mtu aliyechukua tairi mbili kwa mkopo na mwingine aliyelipa nusu ya mnyororo, kulikuwa na ukurasa mmoja usio na hesabu. Aliandika kwa mkono wake:

Amina umejitenga, kufa umetangulia,
Kama ua umefunga, baada ya kuchanua,
Nakuombea mwanga, peponi kukubaliwa,
Mapenzi tuliyofunga, hapana wa kufungua.

Neno Amina lilikuwa limekatwa kwa mstari mmoja mwembamba, na juu yake ameandika Halima. Mama yangu aliitwa Halima. Mizani haikuharibika.

Hilo ndilo shairi ambalo Shaaban alimtungia mkewe Amina alipofiwa, na limo katika kitabu chake Maisha Yangu. Nilikuwa nimelisoma shuleni. Nilikuwa hata nimelichambua: tashbihi, "kama ua". Lakini siku ile nilikaa sakafuni dukani nikaona kitu ambacho hakuna swali la mtihani lililowahi kuniuliza. Mtu huyuhuyu ambaye hawezi kuacha kitu bila kukieleza, hapa hakueleza. Hakusema kifo ni wajibu wa kila nafsi, wala hakutuasa tuwapende wake zetu wakingali hai. Amefunga fundo, akasema hapana wa kulifungua, basi. Na baba yangu, ambaye maneno yake mwenyewe yalimkatalia, alipata pa kuweka ya kwake.

Kwa hiyo nina Shaaban wawili. Mmoja amekaa kwenye kiti cha hekima na mimi niko chini kwenye mkeka. Mwingine ni mjane tu.

Nikiulizwa kitabu gani cha kale kimenigombanisha na nafsi yangu zaidi, nitasema Utendi wa Mwana Kupona, na kwa hili lawama zote ni za bibi yangu mzaa mama. Yeye alizaliwa Mombasa akaolewa Tanga, na beti za Mwana Kupona alikuwa nazo kichwani kama wengine walivyo na namba za simu. Mwana Kupona binti Mshamu aliutunga mwaka 1858, yeye ni mgonjwa, mumewe ameshafariki, naye alikuwa Bwana Mataka wa Siyu, kisiwani Pate, yule aliyemtoa jasho Seyyid Said wa Unguja. Anamwusia bintiye, Mwana Hashima. Unaanza hivi:

Negema wangu binti
mchachefu hasanati
upulike wasiati
asaa ukazingatia.

Na mara baadaye: "Maradhi yamenishika, hata yametimu mwaka." Ukisikia hivyo, na hasa ukisikia kwa sauti ya mwanamke mzee anayechambua mchicha, huwezi kuwa na ubishi. Mama anakufa, anamwita mwanawe ajongee, akae na wino na karatasi, ampe alichonacho. Shaaban naye, karibu miaka mia baadaye, alimtungia bintiye Utenzi wa Hati, na humo pia binti anaambiwa akae aandike. Nawapenda wote wawili kwa hilo. Katika zama ambazo wengi walimpa mtoto wa kike ufagio, hawa walimwambia ashike kalamu.

Lakini sasa njoo kwenye alichoambiwa aandike. Radhi ni tano: ya Mungu, ya Mtume, ya baba, ya mama, na ya tano ya mume, nayo "mno imekaririwa". Kisha:

Keti naye kwa adabu
usimtie ghadhabu
akinena simjibu
itahidi kunyamaa.

Ubeti huu niliimbiwa usiku wa kuamkia harusi yangu mwaka 1999. Nikautii miaka sita. Sitaeleza yaliyotokea ndani ya miaka hiyo. Yeye ana watu wake na mimi nina watoto wangu. Ninachosema ni kwamba nilipofungasha virago na kurudi Tanga, mtu wa kwanza niliyemkasirikia alikuwa mwanamke wa Pate aliyefariki zaidi ya karne nzima kabla sijazaliwa. Nilimwambia Bibi, kwa ukali ambao sikuwahi kumwonyesha, kwamba utenzi wake umenipotezea ujana.

Bibi hakuudhika. Tena alicheka. Ikumbukwe kwamba Bibi mwenyewe alikuwa akimjibu Babu tangu adhana ya alfajiri hadi taa zinazimwa, na Babu alikuwa hana hamu. Akaniambia, "Mke mwenzangu, wewe uliimbiwa, hukusikiliza." Akanisomea pale Mwana Kupona anapomwelekeza bintiye namna ya kumtunza mume:

Mtunde kama kijana
asiyoyua kunena

"Unasikia anachosema? Mtunze kama mtoto asiyejua kusema. Mtoto! Sasa mtu asiyejua kusema, utajibizana naye nini? Ndiyo maana akakwambia unyamaze. Huyu bibi alikuwa na Mataka ndani, simba wa Siyu, watu wanamkimbia, na yeye anamwandikia bintiye kwamba yule ni kitoto, mpepee alale."

Wako wasomi wanaoisoma hivyo hivyo, kwamba chini ya utiifu ule kuna kejeli, na wako wanaosema kejeli hiyo tumeitia sisi kwa sababu tunaona haya. Mimi sijaamua. Nikiwa na furaha namsikia Mwana Kupona akicheka kwa chini kama Bibi. Nikiwa na uchovu nasikia "akinena simjibu" na nafunga kitabu. Ila sijawahi kukichoka, na hilo siwezi kulisema kwa Adili, ingawa Adili hajawahi kunidhuru.

Vingine nipite haraka. Uhuru wa Watumwa cha James Mbotela, cha mwaka 1934, sikipendi. Manowari za Waingereza zinakamata majahazi, watumwa wanafunguliwa minyororo, wanapelekwa Freretown pale Mombasa, na shukrani kwa mkombozi hazina mwisho. Unafika mahali unataka kumwuliza mwandishi, na shamba la nani hilo sasa? Lakini baba yake alikuwa mmoja wa waliookolewa. Mtu akimtoa baba yako kwenye jahazi la watumwa, nawe huenda ungeimba. Kwa hiyo sikipendi kwa sauti ya chini.

Tafsiri za Mwalimu Nyerere nazo. Juliasi Kaizari, iliyotoka mara ya kwanza mwaka 1963, niliigiza shuleni, mimi nikiwa raia wa tatu wa Roma, nikiwa na mstari mmoja, nikausahau. Mabepari wa Venisi ya 1969 naipenda kuliko inavyostahili, na sababu ni jina tu. Shakespeare aliandika juu ya mfanyabiashara mmoja. Mwalimu akatafsiri, na miaka miwili tu baada ya Azimio la Arusha mfanyabiashara akawa mabepari, wengi. Ungetaka uhakiki gani tena wa tamthiliya ile? Umo kwenye jalada.

Muyaka, yule mshairi wa zamani wa Mombasa, namsoma kwa kuruka, kama mtu anayekula karanga. Nusu simwelewi bila kamusi na mzee wa Kimvita pembeni, lakini ile nusu nyingine ni mtu aliye hai kabisa, anagombana na watawala, anacheka mahaba, anabishana na jirani. Kabla yake mashairi yaliyotufikia mengi ni ya dini na ya mashujaa. Yeye akayateremsha sokoni.

Na Mzimu wa Watu wa Kale! Hiki hakikuwa kwenye mtihani, na labda ndiyo siri yake. Nilikisoma dukani kwa baba nikiwa na miaka 12, nimekaa juu ya kreti, wateja wananiuliza bei ya vali nami nawaambia wasubiri. Mohamed Said Abdulla wa Unguja alishinda nacho shindano la uandishi la 1957–58, kikachapishwa 1960. Bwana Ali anakutwa amekufa kwenye mzimu, mahali ambapo watu hupeleka nadhiri zao, na mji mzima unajua kilichomuua: mizimu. Anakuja mpelelezi, Bwana Msa, na kiko chake mdomoni. Haamini mizimu, haamini inspekta, hamwamini hata rafiki yake Najum anapodhani ameelewa. Anavuta kiko, anauliza swali ambalo halina maana yoyote, anaondoka.

Nilichokipenda wakati ule ni kwamba mtu mweusi wa pwani, mwenye jina kama la mjomba wangu, alikuwa na akili kuliko watu wote chumbani na hakuwa na haja ya kuwahubiria. Nilichokipenda baadaye ni namna siri za Bwana Msa zinavyolala nyumbani siku zote: nani alimzaa nani, nani alifichwa, urithi wa nani uliliwa. Mtu wa pwani anajua kwamba ukitaka kujua nani amemuua marehemu, anza kwa kuuliza ndoa za baba yake. Najua mtaniambia kwamba mwishoni Bwana Msa anawakusanya watu wote na kueleza kila kitu, kurasa kwa kurasa, na mimi ndiye niliyesema sipendi kuelezwa. Ni kweli. Yeye namruhusu. Ana kiko.

Kipo pia kitabu nilichokipenda sana kisha mapenzi yakaisha, nacho ni Kichwamaji cha Euphrase Kezilahabi. Nilikisoma Mlimani, Chuo Kikuu, mwaka 1995. Nilikuwa na miaka 21, na Kazimoto naye ni mwanafunzi wa chuo kikuu anayerudi kwao Ukerewe na kukuta hana lugha ya kuongea na wazazi wake. Nilidhani kitabu kimeandikwa juu yangu. Tulikuwa kundi la watu sita tuliokuwa tunatembea na Kezilahabi kwapani: Kichwamaji, na Kichomi, mashairi yake ya mwaka 1974 yasiyo na vina wala mizani, ambayo yaliwafanya wazee wa utungo watangaze kwamba Kiswahili kimekufa. Tulitetea Kichomi kwenye kantini mpaka tukafukuzwa wafagie.

Kichwamaji nimekirudia miaka minne iliyopita. Uandishi bado unakata. Lakini kuna mtoto anazaliwa mwishoni, na kichwa chake kikubwa, na kile anachokifanya Kazimoto baada ya hapo. Nikiwa na miaka 21 niliiita hiyo falsafa; niliandika insha nzima juu ya ukosefu wa maana katika maisha na nikajisikia mtu mzima. Nikiwa mama wa watoto wawili nilisoma kurasa zilezile na kitu pekee nilichotaka kujua ni nani alibaki na Sabina, mkewe. Mwandishi hajali. Kazimoto anajiua, kitabu kinakwisha, na mwanamke aliyezaa anabaki upande wa pili wa karatasi. Simlaumu Kezilahabi, alikuwa na miaka 30 kitabu kilipotoka, naye alikuwa akitazama mahali pengine. Ila mimi sasa nimesimama hapo asipotazama.

Nimeacha cha mwisho ninachokipenda kuliko vyote, na nitakisemea pole pole.

Siku moja walitupeleka Tongoni, darasa zima, kwenye lori la mtu. Ni kusini mwa Tanga, njia ya Pangani: magofu ya msikiti, na makaburi ya kale mengi yamezungushiwa kuta za mawe ya matumbawe, mengine yana nguzo. Mwalimu alituambia tuchore. Mimi nilivutiwa na mashimo. Kwenye nguzo na kuta za baadhi ya makaburi kuna vishimo vya mviringo, laini, kama mtu amebonyeza bakuli kwenye udongo mbichi. Ndivyo ilivyokuwa hasa. Humo yalipachikwa mabakuli ya kauri yaliyotoka ng'ambo, kumpamba marehemu. Mabakuli hayapo. Yamebaki maumbo yake.

Miaka mingi baadaye nikausoma Al-Inkishafi wa Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir wa Pate, uliotungwa yapata miaka 200 iliyopita, mji wa Pate ukiwa umeshaporomoka. Anauambia moyo wake uzinduke, uitazame dunia inavyodanganya. Hiyo ni mada ya kila mhubiri, na ningetarajia kuchoka kabla ya ubeti wa tano. Lakini anafika kwenye nyumba za matajiri wa Pate, na anasema:

Nyumba zao mbake zikinawiri
kwa taa za kowa na za sufuri
masiku yakele kama nahari
haiba na jaha iwazingiye.

Nyumba zinameremeta, taa za kioo na za shaba, usiku umekuwa mchana, uzuri na heshima vimewazunguka. Unaingia ndani pamoja naye, unaona taa. Kisha, beti kadhaa mbele, anaanza tena kwa maneno yaleyale:

Nyumba zao mbake ziwele tame
makinda ya popo iyu wengeme
husikii hisi wala ukeme
zitanda matandu walitandiye.

"Nyumba zao mbake." Maneno matatu yaleyale, na kwa nusu pumzi unadhani taa zinawashwa tena. Halafu "ziwele tame", zimekuwa magofu. Popo wamening'inia juu na makinda yao, husikii hata sauti ya mtu, buibui wametandaza. Mara ya kwanza niliposoma nilirudi nyuma kutafuta ule ubeti mwingine, nikaweka kidole kimoja huku na kingine kule, na nikahisi baridi.

Hajamaliza:

Madaka ya nyumba ya zisahani
sasa walaliye wana wa nyuni
bumu hukoroma kati nyumbani
zisiji na koti waikaliye.

Madaka ni yale mashubaka ya ukutani, ambamo watu wa Pate walipanga sahani zao za kauri ili wageni wazione. Sasa humo wamelala makinda ya ndege. Bundi anakoroma katikati ya nyumba. Angalia kwamba hasemi sahani zimevunjika, wala nani alizichukua. Anasema dogo tu: mahali palipokaa sahani, panalala kinda. Na kinda hana kosa. Kwake yeye daka ni kiota kizuri sana.

Nilikuwa nimeyaona madaka yale kwa macho yangu, Tongoni, nikiwa na penseli na karatasi, na sikuwa na neno la kusema isipokuwa "mashimo".

Kwa haki niseme kwamba utenzi huu nao unarudi kwenye mahubiri. Mwishoni anaorodhesha moto wa Jehanamu, tabaka kwa tabaka, na nitakuwa mwongo tena nikisema huko namfuata kwa hamu. Naruka. Narudi kwa ndege.

Bintiyangu mdogo mwaka huu alipewa Adili na Nduguze. Alikuja nacho nyumbani kimefungwa gazeti, kama tulivyokuwa tukifanya sisi, na mimi nikanyamaza ili nisimharibie. Itahidi kunyamaa, nikajiambia. Nilikuwa jikoni naye yuko mezani. Akacheka kidogo alipofika kwenye majina, nikafurahi kuliko inavyofaa. Kisha akawa kimya muda mrefu. Nilipochungulia alikuwa kwenye ule ukurasa wa Ikibali na nyani.

"Mama," akasema, "kama anawapenda, si awapige kidogo kidogo tu? Nani atajua?"

Nikaanza kumwambia kwamba ameamrishwa, kwamba mbele kuna jini, kwamba kila kitu kitaelezwa. Akaniwekea mkono, "Usiniambie." Akasoma tena pale Adili anapowafuta machozi nyani wale, polepole, midomo inachezacheza. Mimi nimesoma ukurasa ule labda mara nne na sikuwahi kujiuliza swali lake. Nilikuwa nawahi maelezo.

Chai ilikuwa inachemka, nikaenda kuipunguza moto.